Udongo Mweupe wa Shangazi na Mawe ya Chini ya Bahari

Nikiwaambia watu wa Kamina kwamba kazi yangu ni mawe ya chini ya bahari, wananitazama miguu kwanza, kuona kama nimelowa. Siwalaumu. Kutoka kwetu hadi baharini, uende mashariki au magharibi, ni mbali kupita kiasi. Mji wetu ni wa reli, wa vumbi jekundu, wa baiskeli zilizobebeshwa makaa hadi mwenye baiskeli haonekani, na tangu tulipofanywa makao makuu ya mkoa, wa maofisi yenye vibao vikubwa kuliko milango yake. Maji makubwa tunayoyajua ni yale maziwa ya upande wa Bukama, wanakotoka samaki wakavu. Sasa mtoto wa mfanyakazi wa reli akisema anasomea bahari, lazima watu waulizane nani kamloga.

Aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Kwetu Waluba, shangazi wa upande wa baba si shangazi tu. Ni baba mwanamke. Baba akikosekana, neno la shangazi ndilo neno la baba, na baraka yake ndiyo baraka ya baba. Huyu wangu anauza samaki sokoni. Akiita mteja, anasikika hadi kwa wauza unga. Hasira zake ziko karibu, kama zangu. Watu husema nimezirithi kwake. Mimi nasema aliniachia zile zilizomzidi tu, nyingi amebaki nazo.

Acha nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa alichonifanyia.

Katikati ya bahari, chini kabisa gizani, kuna mgongo mrefu wa milima. Hapo sakafu ya bahari inapasuka polepole, na jiwe lililoyeyuka linapanda kutoka chini, kutoka sehemu tunayoiita joho la dunia. Joho ni unene wote ule ulio chini ya ukoko tunaoukanyaga. Hakuna mtu aliyefika huko, wala hatafika. Kinachotufikia sisi ni basalti, jiwe jeusi, ambalo likikutana na maji baridi linaganda ghafla na ngozi yake inakuwa kioo. Meli inaburuta chini kikapu cha chuma, inapandisha mawe, nasi tunavunja kile kioo na kukiuliza: ulitoka kwenye nini?

Namna ya kuuliza ndiyo isotopu. Chukua risasi, si ya bunduki, ile metali nzito ya kawaida. Ndani ya kila jiwe imo, japo kidogo sana. Atomi zake zote ni risasi, lakini hazina uzito mmoja, na aina hizo za uzito tofauti ndizo isotopu. Aina moja ilikuwapo tangu dunia ilipoanza, haiongezeki. Aina nyingine zinazaliwa polepole, kadiri urani na toriamu zinavyokufa. Kwa hiyo mahali palipokaa na urani nyingi kwa muda mrefu, uwiano wa risasi zake ni tofauti na mahali pasipokuwa nayo. Na uzuri wake ni huu: jiwe likiyeyuka, likapanda, likaganda, uwiano haubadiliki. Chumvi, uiyeyushe kwenye mchuzi au uilambe kavu, ni chumvi ileile. Hivyo kipande cha kioo kutoka sakafu ya bahari kinakuambia habari za joho usiloweza kulifikia.

Shida ni moja tu. Joho lina risasi kidogo mno, na ardhi ya bara ina risasi nyingi. Udongo kidogo tu wa bara ukiingia kwenye kioo cha bahari, unasikia sauti ya udongo peke yake. Kwa hiyo sisi watu wa isotopu tunaogopa uchafu kuliko wengine wanavyoogopa nyoka. Tunavaa glavu, tunaosha kwa asidi, tunaosha tena, tunagombana juu ya nani aliacha mlango wazi.

Basi, baba akafa. Nilikuwa Ulaya, katikati ya masomo ya shahada ya uzamivu, nikapanda ndege, halafu basi, halafu nyuma ya pikipiki, nikafika wakati wanawake wamekwisha kukauka sauti. Nilijua matanga yatanishika wiki kadhaa, na kazi ilikuwa inanisubiri, kwa hiyo nilibeba sehemu yake: chupa ndogo ndogo za vipande vya kioo kutoka upande wa kusini wa ule mgongo, darubini ndogo ya mezani na kibano. Kazi yenyewe ni kuchambua. Unatazama punje moja moja, zilizo safi unaweka huku, zenye kutu unatupa. Inaweza kufanyika popote penye mwanga na meza isiyotikisika, maana kuosha hasa kunakuja baadaye maabara.

Meza isiyotikisika ilikuwa ya shangazi, ile anayopangia samaki, karibu na dirisha. Aliipangusa kwa limao, harufu haikutoka. Nikakaa hapo kila asubuhi na nguo zangu za msiba, jicho kwenye darubini.

"Kumbe weye ulisoma miaka yote ii juu ya kuchagula mawe sawa maragi?" alisema siku ya kwanza.

"Tantine, hizi si maharagwe."

"Minyi naona maragi. Iko mubaya, iko muzuri. Mubaya unatupa. Leta, nikusaidie, mikono yangu inajua."

Nilimkemea asiguse, akacheka, akaenda zake. Lakini alirudi. Kila siku alirudi. Alikuwa amempoteza mdogo wake, hana pa kuweka huzuni, akaja kuiweka kwenye meza yangu. Akaniuliza mawe haya yatakwenda wapi nikimaliza kuyachagua. Nikamwambia yatakwenda kwenye mashine, na kutoka kwenye mashine nitapata majibu, na kutoka kwenye majibu nitapata kazi. Akatikisa kichwa kwa kuelewa. Ninakumbuka jinsi alivyoelewa. Nilifurahi, nikadhani hatimaye nimemfundisha jiolojia.

Alichoelewa ni kwamba zile zilikuwa mbegu.

Na mbegu kwao zina utaratibu. Shangazi anayo pemba yake. Pemba ni udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo, unaochimbwa kwenye kingo za kijito. Ni rangi ya habari njema na ya kibali cha wakubwa. Wake unatoka kijiji cha kwao upande wa Kabondo-Dianda. Wauza samaki humletea bonge zima, naye analihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Jumapili yuko kanisani mstari wa mbele na rozari yake. Kopo liko chini ya kitanda. Hajawahi kuona ugomvi kati ya hivyo viwili, na padri akiuliza, atajibiwa. Mtoto akisafiri, anapakwa. Mama akijifungua, anapakwa. Na msimu wa kupanda, kabla mbegu hazijatoka nyumbani, aliye mkubwa anachovya kidole kwenye maji ya pemba na kuzigusa, ili shamba lizikubali.

Asubuhi ya kuondoka alinipaka paji la uso, kifua na mikono miwili. "Baba yako haiko, lakini kinywa yake iko," alisema, na hapo ndipo nilipolia kilio ambacho siku zote za matanga kilikuwa kimenikataa. Pemba huioshi kwa mkono wako mwenyewe. Unaiacha idondoke yenyewe njiani. Nilipanda pikipiki na uso mweupe, nikapanda basi na uso mweupe, na abiria walioijua maana yake walinipisha nafasi bila maneno. Sijawahi kusafiri nikiwa nimelindwa namna ile.

Ambacho sikukijua ni kwamba nilipokuwa naoga, alikuwa amefungua chupa zangu zote, moja moja, akachovya kidole na kugusa ndani ya kila moja, akafunga vizuri kabisa, vizuri kuliko mimi.

Nilirudi maabara. Nikaosha punje zangu kwa maji, nikaziosha kwa asidi kidogo, kama kila mtu anavyofanya. Kioo cha volkeno kina vitundu vya mapovu, na ndani ya vitundu kulikuwa na ukungu mweupe mwembamba. Baharini vitundu hujaa vitu kama hivyo, hakuna aliyeshangaa. Nikayeyusha, nikatenganisha, nikaingiza kwenye mashine.

Risasi ikatoka ya ajabu.

Punje za kaskazini, ambazo mwenzangu alizichambua hapohapo maabara, zilikuwa basalti ya kawaida. Za kusini, zangu, zote zilikuwa na risasi ya bara, bara kongwe, la kale sana. Profesa wangu ni mwanamke mkavu, hacheki ovyo. Siku ile alipiga meza kwa kofi, kahawa ikamwagika. Maelezo yalikuwapo tayari, mazuri mno: mabara yalipoachana zamani, kipande cha chini kilimeguka, kikazama kwenye joho, na sasa kiko chini ya upande wa kusini wa mgongo, kinayeyuka kidogo kidogo, nasi ndio wa kwanza kukiona. Bara lililopotea chini ya bahari! Aliniambia nitasimama kulieleza kwenye mkutano mkubwa wa watu wa kazi yetu. Akaniambia pia, akishusha sauti, kwamba maabara kuna nafasi ya kudumu, na matokeo haya yakisimama, ni yangu.

Nilipiga simu Kamina. Shangazi alipiga vigelegele hadi simu ikakwaruza. Nikasikia anawatangazia majirani kwamba mtoto wake amegundua inchi, yaani nchi nzima, chini ya maji.

Lakini mimi sikulala vizuri na matokeo yale. Kuna kitu kilinikera. Pamoja na risasi tunapima strontiamu na neodimiamu, metali nyingine zinazosimulia habari hizohizo, na hizo mbili zilikuwa zimetulia, za kawaida kabisa, kama za kaskazini. Nikamuuliza profesa: bara zima limezama humo, risasi inaliona, strontiamu hailioni? Mgeni gani huyo anaingia nyumbani mlango mmoja unamjua na mwingine haumjui? Akanipa jibu. Lilikuwa jibu zuri, lenye michoro. Nikabaki na kero yangu, nikawa mkali kwa kila mtu. Mwenzangu mmoja aliniuliza kama nina meno yanauma.

Halafu shangazi akapiga simu, saa ya chakula cha mchana, nikiwa na sandwichi mkononi.

"Mama," ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake, "ile mbegu yako ilimea vizuri, sivyo?"

"Mbegu gani, Tantine?"

"Ile nyeusi. Nilijua itamea. Niligusa kila chupa. Mbegu haiendake mu shamba bila pemba, weye njo ulisahau kulomba, sasa minyi nilifanya."

Mawee! Niliweka sandwichi chini. Kikulacho ki nguoni mwako. Udongo mweupe una risasi nyingi, lakini strontiamu na neodimiamu yake haitoshi kuifunika ile ya jiwe. Kila kitu kilichokuwa kinanikera kikakaa mahali pake ndani ya sekunde moja. Shangazi aliendelea kuzungumza juu ya bei ya samaki. Mimi nilikuwa namsikia kutoka mbali.

Nilikwenda kwa profesa siku ileile. Alinisikiliza, akasema kitu kimoja: "Udongo huo unao?" Sikuwa nao. "Basi bila udongo ni hadithi. Ulete, tuupime. Kama ni wenyewe, tutaona." Kioo kingine cha kusini hakikuwapo, chote nilikuwa nimekichambua mimi. Mkutano ulikuwa unakaribia. Sikumlaumu kwa kutumaini bado. Na mimi, kusema kweli, nilitumaini pia.

Kwa bahati, mwaka wa msiba ulikuwa unatimia na nilipaswa kurudi kuondoa matanga ya baba. Njia yote niliwaza jambo moja. Pemba lazima niipate. Ningeweza kuiiba: shangazi akienda sokoni, kopo liko chini ya kitanda, kijiko kimoja tu, nani angejua? Lakini pemba haichukuliwi. Inatolewa na mkono wa mkubwa, au ni wizi wa baraka. Na nikiiomba, lazima niseme ninaipeleka wapi na kwa nini. Lazima nimwambie dada wa baba yangu, ambaye ndiye kinywa pekee kilichobaki cha baba yangu, kwamba mkono wake ndio ulioharibu mawe. Bara lililopotea ningeweza kulipoteza. Yeye, je? Hilo ndilo nililoliogopa.

Wanasema mficha uchi hazai. Siku ya pili tu baada ya misa ya baba, nilimkuta uani anakwangua samaki wa kupika nyumbani, nikachukua kisu kingine, nikakaa. Nikasema yote. Nilisema taratibu, kwa Kiswahili chetu, bila maneno ya shule. Kwamba mashine inatafuta kitu kidogo sana. Kwamba pemba ina kitu hicho kwa wingi. Kwamba kile tulichokiona, huenda hakikuwa bahari.

Aliacha kukwangua. "Ngoja. Ile kitu bazungu balikuwa banakusifia, ile inchi ya chini ya mayi, ni bulongo yangu?"

"Nafikiri ndiyo, Tantine, ni udongo wako."

"Ya kwetu? Ya ku mugezi ya Kabondo-Dianda?"

"Ndiyo."

Akacheka! Wallahi sijamwona akicheka hivyo tangu baba afe. Alicheka hadi magamba ya samaki yakamrukia shavuni, akaniegemea, akapiga paja. "Eh Vidye, Mungu wangu! Baprofesa bote ba Mputu, kule Bulaya, na mashine, banaangalia kidole yangu!" Nikacheka na mimi, nikalia kidogo ndani ya kicheko, kwa sababu nilikuwa nimebeba hofu ile njia nzima na kumbe mwenyewe anacheka. Akaingia ndani, akatoka na kopo. Alinipa bonge kubwa kuliko nililohitaji, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nikapokea kwa miwili. Nikamwambia ukweli wote uliobaki: kwamba kama udongo huu ndio, ile nafasi ya kazi huenda isiwe yangu. Alikuwa bado anajifuta machozi ya kucheka. Sidhani alinisikia wakati ule.

Jioni alikuwa ameshawasimulia sokoni. Kesho yake walinisalimu kwa kelele: "Mama wa inchi ya bulongo!" Nilijibu utani kwa utani. Nilifikiri limekwisha.

Halikuisha. Kuna mwanamke anauza unga meza ya pili kutoka kwake, mtu wa maombi, si mbaya, ila mdomo wake hauna kifuniko. Alisikiliza hadithi hadi mwisho, akauliza: "Sasa mutoto atakosa kazi?" Shangazi akasema hajui. Yule akasema, polepole, kwa huruma kabisa: "Njo ile pemba inafanyaka. Ulifikiri unamubariki, kumbe ulikuwa unamufungia njia."

Nilikuwepo. Niligeuka, nikamwambia yule mama maneno ambayo sitayarudia, maana baba alinisomesha hadi hapa nilipo na angeona aibu. Kilichonitisha ni shangazi. Mwanamke ambaye angeweza kumrarua mtu kwa sababu ya samaki mmoja wa nusu, aliinama akaanza kupanga upya samaki waliokuwa wamepangwa tayari.

Tangu siku ile hakuwa tena yuleyule. Alipika bukari, ugali wetu, akanisukumia sahani kwa ncha za vidole. Nikiacha nguo kwenye kiti, alimwita mtu mwingine azikunje. Nilikuwa na skrubu ya miwani imelegea, nikamwomba anishikie kidogo nikaze, akasema macho yake hayaoni vizuri. Macho yanayomwona mteja kutoka ng'ambo ya reli! Nilimfuata jikoni, nikamwambia, "Tantine, si kosa lako. Hakuna kosa. Hukujua, mimi sikukuambia, hata wenye maabara zao wanakosea hivi kila siku." Nilianza kwa upole, nikamaliza kwa kelele, kama kawaida yangu. Akaniangalia.

"Njo vile unasema sasa. Kama nilijua ao sikujua, jiwe iliharibika."

"Jiwe ni jiwe!"

"Na kazi yako?"

Ningedanganya, angejua.

Na ili nisimfiche msomaji kama nisivyomficha yeye: ilikuwa pemba. Niliporudi tuliupima udongo, na namba za punje zangu zote zilijipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka, mwisho mmoja ni basalti ya kawaida, mwisho wa pili ni kijito cha Kabondo-Dianda. Mstari mzuri, ningeweza kuufundishia wanafunzi. Tuliondoa jina letu kwenye mkutano. Tuliandika barua ya kueleza. Nafasi alipewa mwingine, mtu hodari, sina la kumsema, ingawa siku ile nilikuwa nayo mengi. Profesa alisema kwamba kuyakana matokeo unayoyapenda ni kama kumkamata mwizi unayempenda, kazi ngumu, na nimeifanya. Nilimshukuru. Sakafu ya bahari kule kusini ni ya kawaida, inafanana na kaskazini, na chini yake, kwa kadiri tunavyojua leo, hakuna bara lolote lililopotea. Hilo nalo ni jibu, hata kama halimwagi kahawa ya mtu.

Lakini siku ya kuondoka Kamina hayo yote yalikuwa bado mbele. Bonge la pemba lilikuwa ndani ya sanduku. Yeye mwenyewe alilifunga: alichukua mfuko wa plastiki, akalisukuma bonge ndani kwa kijiko bila kuligusa, akafunga, akaweka mfuko wa pili, akafunga, akaweka wa tatu. Pikipiki ilikuwa nje, injini inanguruma, kijana wa pikipiki anabonyeza honi kana kwamba basi ni la baba yake. Nilisimama kwenye kizingiti, nikasubiri shangazi aje na kopo.

Akatoka mikono mitupu. Ilikuwa imelowa hadi viwiko. Nilisikia harufu ya sabuni, ile sabuni ya kufulia, kali, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana kwa kusuguliwa.

"Tantine, nipake."

"Apana."

"Sina jiwe hata moja. Angalia sanduku. Nimeyaacha yote Ulaya, nimekuja na nguo tu. Nipake pemba."

"Baba yako anakubariki," alisema. "Bankambo, bazee betu ba zamani, banakubariki. Vidye akutangulie mu njia, akuonyeshe mulango, akurudishe." Alisema yote, hakuruka hata neno, kwa sauti ileile ya kinywa cha baba. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo.

Nikazunguka nimshike. Akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga ukuta, mikono bado nyuma yake. Sijawahi kuona mtu mzima, mkubwa wangu, akinikimbia. Nikapandwa na hasira, hasira yenye machozi, nikasema kwa sauti hadi yule kijana akazima injini.

"Tantine, minyi haiko jiwe!"

"Najua, mama," alisema. "Jiwe ikiharibika, meli itaenda kukamata ingine. Weye ukiharibika, nitakupata wapi?"

Nilipanda pikipiki na uso mtupu. Kwenye basi hakuna aliyenipisha.